Kuhamisha Zamu Huku Maji Yanatembea

Mimi sikubahatisha maisha. Nasema hivyo mapema kwa sababu wapo watu kule kwetu, juu karibu na msitu wa Meru, wanaopenda kusema kwamba fulani alipata bahati akaenda Uarabuni. Bahati gani? Nilifika Muscat nikabeba maboksi ya vipuri katika ghala lisilo na dirisha, na wenzangu walipolala mimi nilisoma. Nilisoma mpaka nikapata diploma ya mifumo ya kompyuta, na bosi aliyezoea kuniita kwa kupiga vidole akajifunza jina langu. Nilipoondoka, hifadhidata ya ghala lile ilikuwa mikononi mwangu, na haikuwahi kuzimika nikiwa zamu. Diploma yenyewe nimeitundika Sekei ninakoishi, mkabala na mlango, ili mgeni aione kabla hajakaribishwa kiti.

Kwa hiyo jumuiya ya watumia maji iliponiita, kilichonishangaza ni kwamba walichelewa.

Mfereji wetu ni mmoja. Unaanzia juu kwetu, unapita kwenye migomba, unashuka hadi mashamba ya Nduruma, kwenye tambarare ya joto na vumbi wanakolima vitunguu na mahindi. Maji ni yale yale, ila watu ni pande mbili, juu na chini, na kila upande una zamu yake. Ndani ya zamu kila shamba lina saa yake. Wazee wetu waligawa kwa kutazama jua na kugombana. Siku hizi kila mlango wa mfereji una mlinzi mwenye simu, na kompyuta iliyoko ofisi ya jumuiya ndiyo inayomtumia meseji: mfungulie huyu, mfungie yule.

Aliyeutengeneza mfumo ule simjui, na sitamani kumjua. Alirundika kila kitu kwenye jedwali moja: wanachama, mashamba, saa za zamu, meseji zilizotumwa, malalamiko, hata salamu za sikukuu. Ni kama mtu aliyejenga nyumba ya chumba kimoja, akaweka humo ng'ombe, jiko na wageni. Jedwali lilikua mwaka baada ya mwaka mpaka likalemea mashine. Kila zamu ilipobadilika kutoka juu kwenda chini, mfumo ulitakiwa kuandika na kusoma mambo mengi kwa mkupuo, nao ukakwama. Meseji zilichelewa. Na zikichelewa, mlinzi wa juu hafungi mlango, maana hakuna aliyemwambia afunge. Watu wa chini walikaa kwenye matuta makavu wakitazama simu. Mbaya zaidi, wakati mwingine watu wawili walipewa saa moja kwenye mlango mmoja, wakakutana pale wote wana meseji na wote wana majembe.

Mafundi wengine kutoka mjini walikuwa wamekuja kabla yangu. Wote walisema neno moja: zimeni mfumo siku mbili, tuhamishe vitu, tuwashe. Wanachama wakakataa. Kiangazi kilikuwa kikali, na kuzima kompyuta siku mbili maana yake ni siku mbili za mapanga mferejini.

Nilisimama kwenye mkutano, nikiwa na shati lililopigwa pasi, nikawaambia: "Mimi sizimi. Nitahamisha huku maji yanatembea."

Katibu wa jumuiya, mama mmoja tuliyesoma naye shule ya msingi, akaguna. "Wewe ulishindwa hata kubeba ndoo bila kumwaga."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikawaeleza, na naamini hakuna fundi aliyewahi kuwaeleza vile. Nikasema, mfereji ukiwa mbovu hukaushi shamba ndipo uchimbe mwingine. Unachimba mpya kandokando ya wa zamani huku wa zamani ukiendelea kunywesha. Ukishafika mwisho, unapasua ukingo mahali pamoja tu, maji yanahama. Kwenye kompyuta ni hivyo hivyo. Nitajenga majedwali mapya pembeni, nitahamisha taarifa kidogokidogo mashine isihisi mzigo, na kila jambo jipya litakaloandikwa kwenye la zamani litaandikwa na kwenye mapya. Mwisho nitabadilisha majina kwa amri moja, la zamani likae kando na mapya yashike nafasi yake. Hata kikombe cha chai hakitapoa.

Na nikaongeza jambo jingine, ambalo hakuna aliyeniomba niliongeze. Nikasema nitabadilisha saa kumi jioni, siku ile zamu inapotoka juu kwenda chini, ili meseji za kwanza za mfumo mpya ziwe za kuwafungulia watu wa chini. Kwa wakati.

Mzee mmoja wa chini, msemaji wao, alinyanyuka polepole. "Wewe si mtoto wa juu?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Tutakuja kukuangalia."

Kazi ya pembeni niliifanya kwa utulivu nikiwa Sekei, kompyuta mapajani. Majedwali yangu yalikuwa matatu, safi, kila moja na kazi yake. Juu ya jedwali la zamu niliweka sheria niliyoipenda kuliko zote: mlango mmoja, saa moja, jina moja. Kompyuta yenyewe ingekataa kumwandika mtu wa pili. Ugomvi wa majembe ungekwisha kwa mstari mmoja wa maandishi yangu.

Siku ilipofika nilikuta watu wameshajaa uani kwa ofisi. Juu na chini walikaa mabenchi tofauti, kama ukoo wa bwana na wa bibi harusi kabla ya kuelewana. Hilo nililitaka. Nilikuwa nimemwomba mwenyekiti, mzee wa kwetu juu, kazi iombewe, maana katika nchi za watu nilifanya makubwa bila shahidi hata mmoja anayenijua. Mwinjilisti akaomba. Halafu mwenyekiti, ambaye ni Mlutheri wa ibada ya kwanza lakini hajaacha mambo ya baba yake, akang'oa nyasi mbichi kando ya mfereji. Nikaingia kwenye chumba cha seva, akafunga grili nyuma yangu, na kwenye komeo akafunga fundo la nyasi zile.

"Mwanangu," akasema, "umeingia kwa amani. Hutatoka mpaka maji yafike chini. Na sisi hatutaingia."

Watu wote wakaitikia. Mtu asiye wa kwetu angeona nyasi tu, ambazo hata mbuzi angezila. Lakini nyasi zikifungwa na mzee mbele ya pande mbili, anayezikata amekata maneno ya watu wote. Nilikulia hapo. Ingekuwa kufuli, ningetafuta ufunguo.

Chumba kile ni kidogo, kina seva, feni, meza na dirisha lenye nondo. Nikaketi. Kabla ya kubadilisha majina, fundi makini hulinganisha: kilichoko kwenye la zamani kiwemo kwenye mapya, kitu kwa kitu. Nikatoa amri ya kulinganisha, nikaegemea kiti nikitazama uani, nikawapungia mkono.

Majibu yakaja. Zamu zilizokuwa kwenye jedwali jipya zilikuwa pungufu.

Nikarudia. Pungufu vilevile. Nikazitafuta zilizokosekana, nikazikuta: zote zilikuwa za majina mawili kwenye mlango mmoja, saa moja. Sheria yangu ilikuwa imemkubali wa kwanza ikamkataa wa pili, kimyakimya, kama askari wa geti. Mwanzoni nilifurahi, nikidhani ni yale makosa ya zamani yamekufa yenyewe. Kisha nikasoma majina. Jina moja lilirudiarudia usiku kucha, kila saa, kila siku ya juma lile, kwenye mlango wa mwisho kabisa chini, sambamba na zamu za majirani zake. Hakuna kosa linalokaa hivyo kwa mpangilio. Nikajua ni nini kabla sijamaliza kusoma.

Maji ya msiba. Kwetu nyumba iliyofiwa haiombi maji. Mwenye zamu huipasulia njia ndogo ubavuni, yapite nyuma ya nyumba, wapikaji wachote, waombolezaji wanawe, mpaka matanga yaanuliwe. Watu wawili wanakunywa saa moja kwenye mlango mmoja, na hakuna ugomvi, kwa sababu ni msiba. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nimechota maji ya namna hiyo nyumbani kwetu, tulipomzika baba. Lakini sheria yangu niliiandika nikifikiria ghala la Muscat, ambako maboksi mawili hayakai mahali pamoja kwenye rafu.

Nikibadilisha vile vile, saa kumi mlinzi wa mlango wa mwisho angepata meseji ya kuziba maji ya wafiwa. Meseji kutoka kwa mtoto wa juu. Na kurudi nyuma kulikuwa rahisi mno, amri moja tu, la zamani liendelee. Lakini la zamani lingekwama saa kumi kama kawaida yake, meseji zingechelewa, juu wangeendelea kunywa, na yule mzee wa chini aliyekaa mbele ya dirisha langu angesema alichokuja kusema. Kuondoa sheria nzima nako kungerudisha majina mawili ya bahati mbaya pamoja na ya msiba, yaani majembe. Kila mlango niliougusa ulikuwa umezibwa, na ule mlango halisi ulikuwa na nyasi.

Feni ilivuma. Shati liliniganda mgongoni.

"Injinia wa Muscat," katibu akaita dirishani, "jasho la nini? Au umewasha jangwa humo ndani?"

"Kazi inakwenda vizuri."

"Uso wako haujaambiwa."

Simu ikaita. Alikuwa mama. Kwetu mama tunamwita yeyo, hata ukiwa na mvi.

"Yeyo, shikamoo."

"Marahaba. Uko ofisini?"

"Niko ofisini, nina kazi."

"Najua uko ofisini, dunia nzima inajua uko ofisini. Sikiliza. Maji yameniingia sasa hivi tu, na nyanya zangu hazijafika nusu. Mwambie huyo kompyuta wako asiwe na haraka leo."

"Kompyuta haina haraka, yeyo. Ina saa."

"Na hiyo saa si unaishika wewe?"

Nikaligeuzia dirisha mgongo.

"Basi ishike kama mtoto mwenye mama," akasema, akakata.

Uani wazee wa chini walikuwa wakinitazama, na nilijua hawakunisikia, lakini nilijiona kama nimesema kwenye kipaza sauti. Nikaiweka simu kifudifudi mezani. Kisha nikafanya jambo ambalo mafundi wote wa mjini wakikusanywa pamoja wasingelifanya: nikaandika upya sheria yangu hapo hapo, mfumo ukiwa unatembea, bila kuuzima. Mlango mmoja, saa moja, jina moja, isipokuwa jina la pili lina alama ya msiba, na alama hiyo ina siku ya kwisha. Nikabadilisha na programu inayotuma meseji, ili mlinzi aambiwe kufungua zamu na kuacha njia ndogo ya wafiwa. Nikaijaribu kwenye nakala ya pembeni. Ikakubali.

Ikabaki jambo moja ambalo mashine haikulijua. Kati ya majina mawili mawili ya jioni ile na siku zilizofuata, lipi ni la msiba, na lipi ni makosa? La zamani halikuwahi kuandika sababu. Ikanibidi niwaulize wenyewe, kupitia nondo, nikiwa nimesimama kama mahabusu anayeongea na ndugu zake.

Nikaanza kusoma. "Mlango wa chini ya daraja la mawe. Majina mawili. Huyu wa pili ana msiba?"

"Ana msiba," mwenyekiti akajibu haraka. "Huyo ni wetu, juu. Muache."

"Mzee wangu," katibu akasema, "msiba gani? Yule bibi tulimzika kabla ya masika ya mwaka jana. Mjukuu wake ameshapewa jina lake na ameanza kutembea."

Benchi la chini likalipuka. "Kumbe huko juu marehemu wanakunywa mwaka mzima!"

"Ndiyo maana ndizi zao nene!"

"Huzuni haina mwisho," mwenyekiti akasema, akijitahidi kutocheka.

"Mfumo unataka mwisho, mzee," nikamwambia.

"Basi andika umekwisha. Lakini andika kwa heshima."

Nikaandika. Tukaendelea, jina kwa jina. Walibishana, wakasutana, wakakubaliana. Mmoja wa chini naye alijaribu kuleta msiba wa shangazi aliyezikwa Terrat, ambako mfereji wetu haufiki, akazomewa na wa kwake mwenyewe. Sikuwa na subira, kwa sababu saa ilikuwa inakaribia na wao walikuwa wameanza kufurahia. Mwisho likabaki lile jina lililojirudia.

"Mlango wa mwisho kabisa, chini," nikasema, nikalitaja.

Hakuna aliyecheka. Msemaji wa chini akavua kofia.

"Huyo ni kaka yangu. Tumezika mwanawe juzi." Akanitazama kupitia nondo. "Mimi nimetoka msibani kuja hapa. Niliambiwa maji yetu yanaweza kupotea ndani ya kompyuta ya mtoto wa juu. Yamepotea?"

Ningeweza kumwambia kwamba hayakuwahi kupotea.

"Yalikataliwa, mzee," nikasema. "Sasa yamekubaliwa. Siku ya kuanua matanga ni lini?"

Akanitajia. Nikaiandika.

Nikarudi kwenye kiti. Nikalinganisha tena: kila zamu iliyostahili kuwepo ilikuwepo. Saa kumi ilipogonga nikatoa amri ya kubadilisha majina. Kwa muda mfupi, mfupi kuliko kupiga chafya, kila kilichotaka kuandikwa kikasimama foleni. Kisha kikapita. Jedwali la zamani likakaa kando, mapya yakashika kazi, na meseji zikaanza kuondoka moja baada ya nyingine. Kwanza za juu: funga. Kisha za chini: fungua. Hakuna hata moja iliyochelewa. Nimefanya kazi nchi mbili na sijaona mabadiliko safi kama yale, na kama kuna aliyeyaona na aseme.

"Tayari!" nikatangaza dirishani. "Mfumo mpya unafanya kazi."

Simu za wazee zikalia huko uani. Msemaji wa chini akaisoma meseji yake akiisogeza mbali na macho, akairudisha mfukoni.

"Meseji hainywewi," akasema. "Tusubiri maji."

Mwenyekiti akakubali kwa kichwa. Hakuna aliyegusa grili.

Basi nikasubiri. Kompyuta yangu ilikuwa imemaliza, lakini maji hayajui kompyuta. Yanatembea kwa miguu yao, yanajaza kila shimo, yanalowesha kila ukingo mkavu kabla hayajasonga. Hakuna diploma ya kuyaharakisha. Niliwatazama watu wakigawana nyama choma waliyoiandaa kwa ajili ya kazi yangu. Katibu akanipitishia kipande kimoja kati ya nondo, kwa ncha ya kisu. "Kula, injinia. Hata mfungwa hula." Jua likahamia upande wa pili wa ofisi. Kila simu ilipolia nilisimama, kisha nikakaa.

Hatimaye msemaji wa chini akapigiwa. Akasikiliza kwa muda mrefu. "Yamefika nyuma ya jiko la kaka yangu," akawaambia wenzake, si mimi. Akapanda baiskeli akaondoka bila kuaga, na nilielewa kwamba ana msiba. Mwenyekiti akaja kunifungulia. Alinishika mkono, akaniambia nimeheshimisha ukoo, na mkono wake haukuwa na furaha.

Sikuelewa mpaka nilipochukua bodaboda kupanda nyumbani. Mama alikuwa amesimama katikati ya nyanya zake. Matuta ya mbele yalikuwa meusi kwa maji. Ya nyuma yalikuwa ya kijivu, yamepasuka. Mpaka kati yake ulikuwa umenyooka kama umechorwa na rula.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba. Saa yako imeishia hapa," akasema, akionyesha kwa kidole cha mguu. "Miaka yote yalikuwa yanafika mpaka kwenye ule mparachichi."

"Miaka yote mfumo ulikuwa unachelewa. Hayo yalikuwa maji ya watu wa chini."

"Najua yalikuwa ya nani."

Hakusema kwa hasira. Aliinama akang'oa gugu kwenye tuta kavu, akalitupa.

"Na hutaweza kuirudisha ilivyokuwa?"

"Kuweza naweza," nikasema. "Hakuna mwingine anayeweza. Ni mimi peke yangu."

"Basi ndiyo tabu," akasema. "Chota kwenye simtanki. Anza na yale ya mwisho."

Nikavua viatu, nikakunja suruali. Nilikwenda na ndoo na kurudi, na kila nilipomwaga, udongo ulikunywa kabla sijageuka. Ng'ambo ya ua mfereji ulikuwa umejaa hadi ukingoni, ukipita kwa sauti kuelekea Nduruma, na sikuwa na ruhusa ya kuugusa.